Sekunde Kumi na Moja

Nalipwa kwa dakika. Chumba ni cha juu, Ganjoni,
feni yazunguka kama mtu aliyesahau alichotumwa,
na kazi yangu ni kutia Kiswahili chini ya picha:
mistari miwili, herufi arobaini kila mmoja,
zaidi ya hapo mtazamaji hawahi.

Filamu ya leo ina theluji.
Wasichana wawili wa shule. Mmoja ana baiskeli,
mwingine kasahau glavu.
Wagawana jozi moja, wewe kulia, mimi kushoto,
na mkono uliobaki na baridi
kila mmoja autia mfukoni mwa mwenzake.

Nikasimamisha picha.
Nikaenda kunywa maji ambayo sikuyataka.

Barke.
Makadara, nyumba ya ngazi zilizopasuka,
kitabu kimoja cha kemia, magoti manne mkekani,
na mabuyu ya shilingi tano kwenye karatasi.
Rangi yatushika vidole, yatushika midomo.
"Toa tuone," asema, nami natoa ulimi,
naye atoa wake, twahukumiana nani mwekundu zaidi.
Mara stima ikapotea.
Tukabaki gizani ndimi nje, kama majuha,
hakuna wa kuhukumu,
na kicheko kilipokwisha
kuna kitu kilikaa mahali pake,
kidogo, kizito,
kisichokuwamo kwenye jedwali la elementi.

Hakuna kilichotokea, nikiulizwa.
Aliniegemea begani. Nilihesabu pumzi zake
mpaka thelathini na nne.
Taa iliporudi mtaa mzima ulipiga kelele za furaha.
Mimi sikupiga.

Tangu siku hiyo nikawa mtu wa kungoja stima ipotee.

Asubuhi aliniita kutoka dirishani, "Shoga! Shoga wee!"
sauti ikafika mpaka kwa muuza viazi vya karai,
na hakuna aliyegeuka.
Neno lilikuwa letu, la mama zetu,
la nyanya zetu wakiombana chumvi ukutani.
Lilitufunika gubigubi.
Siku hizi wamelichukua, wamelifanya jiwe,
nami nikilisikia njiani huinama kidogo
kabla sijajua limerushiwa nani.

Mkubwa wangu kanitumia ujumbe wa sauti:
"Pale kwenye 'nakupenda', dada, tia 'nakujali'.
Mambo yaishe. Tusije tukatafutiwa."
Hajui lugha imeshanitangulia.
*Anampenda*, nimeandika tangu dakika ya tisa.
Nani? Nani?
A na M, wameingia chini ya buibui moja,
wapita mbele ya baraza nzima
na baraza yaitikia salamu.

Mamake Barke hakugomba. Hilo ndilo sikulizoea.
Alinirudishia kitabu kimefutwa vumbi,
juu yake sahani ya kaimati, moto bado,
akasema, "Barke atasomea Sharja, kwa shangaziye.
Nisalimie mamako."
Sikujua adabu yaweza kufunga mlango hivyo,
bila hata komeo kulia.
Kaimati nilizila zote, ngazini, peke yangu.
Ukurasa wa sitini na moja una alama ya kidole, nyekundu.
Nimeupima wangu mara nyingi.
Nilikua. Hakiwezi kunijibu.

*Nakupenda*: herufi tisa.
Yaenea kwenye mstari, na nafasi yabaki.
Nimeiacha.

Mwishoni ni kituo cha basi.
Mwenye baiskeli avua glavu yake,
amvika mwenzake, taratibu, kidole kwa kidole,
na hakuna asemaye kitu.
Sekunde kumi na moja.
Hapo sina kazi, wala silipwi.

Nimezirudia mara nne,
nikingoja stima ipotee.